Honda C70 iliyotoka malengelenge: rangi ilisingiziwa

Pikipiki yenyewe ni Honda C70 ya umeme wa volti 6, injini ya cc 72, mali ya mwalimu mstaafu wa kemia hapa Tanga. Ilipofika gereji ilikuwa na rangi mpya, nyekundu, inayong'aa kwa mbali. Ukisogea ndipo unayaona malengelenge. Kwenye tanki yalikuwa yamejipanga mstari mmoja kufuata mshono wa chini. Kwenye fremu yalikuwa madogo madogo, yametapakaa ovyo, na mengi zaidi kwenye madigadi ya nyuma. Kava la miguu, lile la plastiki linalokinga tope, rangi yake ilikuwa inabanduka vipande vizima. Na kava la kulia la injini lilikuwa na rangi ya fedha iliyopasuka, chini yake alumini nyeusi nyeusi yenye vishimo kama imeliwa na mchwa.

Kazi ile ilifanywa na gereji nyingine kabla ya masika. Masika yalipokatika, rangi nayo ikakatika. Mwalimu aliporudi kulalamika, akaambiwa rangi iliyonunuliwa ilikuwa feki. Jibu hilo kila mtu wa kazi hii amewahi kulisikia, na mara nyingi mteja huondoka ameridhika, maana bidhaa feki zipo kweli. Lakini rangi feki huchuja, hupauka kwa jua au hukataa kukauka. Haichagui mshono wa tanki ikauacha upande wa juu ukiwa mzima. Malengelenge yanapofuata ramani fulani ya chuma, aliyeyaleta yuko kwenye chuma.

Kwa wasiokijua chombo hiki: Honda walianza kuuza Super Cub mwaka 1958, na kufikia mwaka 2017 jumla ya zilizotengenezwa katika ukoo huo ilipita milioni 100. C70 ni mtoto wa ukoo huo. Kwa fundi rangi ni mtihani kuliko pikipiki nyingi za enzi zake, kwa kuwa kila kipande kina mwili wake. Fremu ni bati la chuma lililokandamizwa kwa presi na kuchomelewa vipande viwili, ndani ni tupu. Tanki ni chuma chembamba, linakaa chini ya kiti. Makava ya injini ni alumini ya kumimina. Kabureta ni mchanganyiko wa zinki. Kava la miguu ni plastiki ya jamii ya polithini. Rimu ni chuma chenye kromu. Ukiamua kuchubua vyote hivyo kwa dawa moja, kuna kitakachokufa.

Na ndivyo ilivyokuwa. Mwalimu aliikumbuka kazi ile vizuri kwa sababu alikuwa akipita kuiangalia. Tanki na makava vilizamishwa kwenye pipa la kostiki soda ya moto, ile ile inayotumiwa na wapika sabuni. Fremu, ambayo haikuenea kwenye pipa, ilipelekwa kupulizwa mchanga, na mchanga wenyewe ulichotwa ufukweni. Baadaye kila kitu kikapigwa praima, yaani rangi ya kwanza ya kushika chuma, nayo ilikuwa redi oksaidi ya kawaida; juu yake rangi yenye hadena, dawa ya kuikaza, kisha klia, ile ya kung'arisha isiyo na rangi. Kava la plastiki halikuchubuliwa chochote. Lilifutwa kwa tina likapakwa.

Nilikuwa tayari na maelezo yangu, lakini mwalimu wa kemia hamalizwi kwa maneno. "Mwanangu, usinieleze," alisema, "nionyeshe." Siku iliyofuata akaja na karatasi za litmasi, zile zinazogeuka bluu kwenye kostiki na nyekundu kwenye asidi, chupa ndogo ya silva naitreti, naitriki asidi iliyozimuliwa na mirija ya maabara, vyote vimefungwa kwenye gazeti. Kuanzia hapo mimi nilikuwa mshika vyombo.

Tulianza na tanki. Kwa sindano ya bomba, ile ya famasi, nilitoboa lengelenge moja kubwa kwenye mshono na kuvuta maji yaliyokuwa ndani. Yalitoka matone machache, rangi ya chai iliyokolea. Tone moja kwenye litmasi nyekundu: ikageuka bluu palepale. Tone jingine nilisugua kati ya vidole vya glavu, likateleza. Mwalimu akacheka. "Hii ni sabuni," akasema, na hakuwa anafanya mzaha.

Redi oksaidi ya bei nafuu huwa imesagwa kwenye mafuta, yaani aina ya rangi inayoitwa alkidi. Mafuta yakikutana na kostiki soda na unyevu, yanageuka sabuni. Ndiyo kazi ambayo kostiki hununuliwa kuifanya. Tanki lile lilitoka kwenye pipa likasuuzwa nje, likaonekana safi, lakini mshono wake ni bati mbili zilizobanana, na katikati yake kostiki ilikuwa imejificha. Maji ya suuza hayafiki mle. Likapigwa praima lingali na kostiki tumboni. Kwa wiki kadhaa za jua hakikuonekana kitu. Unyevu wa masika ulipopenya rangi, maana rangi zote hupitisha mvuke wa maji kidogo kidogo, kostiki ikaamka ikaanza kuila praima kutoka chini. Klia ya juu ilikuwa nzima. Iliinuliwa tu na sabuni iliyokuwa ikipikwa chini yake.

Fremu ilitoa jibu jingine. Maji ya malengelenge yake hayakugeuza litmasi yoyote, nyekundu wala bluu. Tukachukua pamba iliyoloweshwa maji safi, tukasugua sehemu iliyokwisha kukwanguliwa hadi chuma, tukaikamua kwenye mrija. Mwalimu akatia matone ya naitriki asidi kwanza. Hatua hiyo wengi huiruka, na bila hiyo kostiki iliyobaki hutoa masimbi ya kahawia yanayoharibu jibu. Kisha silva naitreti. Mrija ukawa mweupe kama tui. Kloridi. Chumvi ya bahari, kwa lugha ya kawaida.

Nilikuwa tayari kutangaza hukumu, lakini mwalimu akanizuia. Akachota maji ya bomba la gereji kwenye mrija mwingine, akatia dawa zile zile. Nayo yakawa meupe, hafifu kuliko ya fremu, lakini meupe. Akaniuliza ile pamba niliilowesha kwa maji gani. Kwa bahati nilitumia maji ya betri, yale matupu yasiyo na asidi, ambayo ndani ya mrija yalibaki maangavu. Kwa hiyo kipimo kilisimama. Lakini kilitufundisha na jambo la kutumia baadaye: ukisuuza chuma kwa maji ya bomba ya mji huu ukayaacha yakaukie pale, unakiachia chumvi.

Chumvi chini ya rangi hufanya kazi tofauti na kostiki. Haigusi praima. Inavuta maji. Mvuke unaopenya rangi unaikuta chumvi, unageuka maji ya chumvi, na maji hayo yanavuta mvuke mwingine kutoka nje mpaka rangi inainuka. Ndani ya lengelenge kutu inaanza, na kutu ikianza kwenye chumvi haihitaji msaada wa mtu. Mchanga wa ufukweni unaporushwa kwa kompresa haukwangui tu. Unapigilia chembe za chumvi kwenye vishimo unavyovichimba wenyewe. Ndiyo maana madigadi ya nyuma ilikuwa na malengelenge mengi zaidi: ndiko kulikokuwa na kutu ya zamani, vishimo vingi, na ndiko mpulizaji alikokaa muda mrefu zaidi.

Niseme na hili kuhusu mchanga, ingawa halikuharibu rangi. Vumbi la mchanga wenye silika linaua mapafu ya anayepuliza, taratibu na bila tiba. Uingereza waliuzuia kwa kazi hii zaidi ya miaka 70 iliyopita. Huku kwetu bado unamkuta kijana amefunga fulana puani. Anayetaka kupuliza atafute garneti au shanga za kioo, na kofia inayoletewa hewa safi kwa mpira. Kama havipo, fremu ya C70 si kubwa kiasi cha kushindikana kwa mkono.

Kwa mkono ndivyo tulivyofanya. Rangi ya juu, kwa kuwa ilikuwa imekwisha kuachia, ilitoka kwa skrepa na mashine ya hewa ya moto iliyowekwa joto la wastani, kiasi cha kulainisha rangi bila kuitoa moshi. Siku hizi kila gereji ina mtungi wa gesi, na kishawishi cha kuichoma rangi kwa moto wa wazi ni kikubwa. Kwa chombo cha umri huu nakataa. Rangi nyekundu, njano na za machungwa za miaka hiyo zilitengenezwa sana kwa kromati ya risasi, na risasi ikipata joto kali inapanda na moshi hadi puani. Kwa sababu hiyo hiyo, popote tulipokuta rangi ya kiwandani tulitumia msasa wa maji tu, na matope yake tukayapangusa kwa tambara kabla hayajakauka. Gereji yetu iko uani na watoto wanapita.

Kwenye pembe zisizofikiwa na skrepa, kama pale madigadi inapokutana na mkono wa kiti, tulitumia dawa ya kutoa rangi, ile nzito ya kupaka kwa brashi. Hapa soma kopo. Nyingi za zile kali zina diklorometheni, kimiminika kinachochemka kwenye nyuzi 40 hivi za Selsiasi. Kwa joto la Tanga mwezi wa pili, dawa hiyo inaruka hewani kabla haijafanya kazi, na inakorukia ni kifuani mwako, ambako mwili unaibadilisha kuwa kaboni monoksaidi, sumu ile ile ya jiko la mkaa chumbani. Marekani waliizuia kuuzwa kwa watu wa kawaida mwaka 2019 baada ya vifo vya watu waliokuwa wakichubua mabafu. Glavu za kawaida za daktari inazipita kwa dakika chache. Mimi huipaka nje, asubuhi, nikisimama upande upepo unakotoka, na naifunika kwa mfuko wa nailoni ili isiruke. Ukifunika, kidogo kinatosha. Na haigusi plastiki wala taa.

Kuosha chumvi ndiko kulikokula muda. Watu wanadhani ukikwangua hadi chuma cheupe umemaliza, lakini chumvi iko ndani ya vishimo, na msasa unapita juu yake. Njia iliyotusaidia inaonekana ya kipuuzi: osha kwa maji ya moto yenye msukumo, acha chuma kishike kutu ya juu juu, kisugue kwa brashi ya waya ukifukua vishimo, osha tena. Kila kutu mpya inapotoka inakuja na sehemu ya chumvi. Mahali penye chumvi nyingi hupata kutu haraka na rangi yake ni nyeusi zaidi, kwa hiyo chuma chenyewe kinakuonyesha pa kurudia. Suuza ya mwisho ilikuwa ya maji ya betri, kisha kompresa na hewa ya moto papo hapo. Tulirudia mpaka mrija wa mwalimu ulipobaki mwangavu. Upande wa chini wa madigadi ndio uliokuwa wa mwisho kukubali.

Ndani ya fremu nako kulikuwa na mchanga. Tuliigeuza, tukaigonga kwa nyundo ya mpira, ukamwagika wa kujaza bakuli. Fremu ya C70 ni mwili wenye uwazi, na mpulizaji hakuziba tundu hata moja. Mchanga ule ungekaa mle ukinyonya unyevu na kuiozesha fremu kwa ndani huku nje ikipambwa. Tuliosha ndani vilevile, na baada ya rangi tukamimina nta ya kuzuia kutu kupitia matundu ya nyaya.

Kabla ya kugusa namba ya fremu, niliipiga picha na kuibandika utepe. Kuna mafundi wanaoijaza puti au kuisaga kwa grenda kwa kutafuta ulaini, kisha mwenye chombo anashindwa kueleza trafiki kwa nini namba haisomeki wakati kadi anayo mkononi. Sehemu ile inasafishwa kwa kitambaa na dawa tu, na inapata rangi nyepesi.

Tanki lilihitaji uangalifu wa aina nyingine kabla ya kitu chochote: mvuke wa petroli. Tanki tupu ni hatari kuliko lililojaa, kwani hewa imepata nafasi ya kuchanganyika na mvuke. Tulilijaza maji ya moto yenye sabuni, tukalimwaga, tukarudia, na mashine ya hewa ya moto haikulikaribia mpaka harufu ilipokwisha kabisa. Ndani lilikuwa na kutu, hivyo tukatumia sitriki asidi, ile ya unga wanayotumia watengeneza juisi, kati ya gramu 50 na 100 kwa lita ya maji vuguvugu. Tukaliacha humo usiku kucha likiwa limezama lote, ndani na nje. Asidi dhaifu kama hii inakula kutu polepole bila kuharaka kwenye chuma, na wakati huo huo inaingia kwenye mshono kuizima kostiki iliyojificha. Asubuhi yake tukasuuza kwa maji yenye magadi kidogo, tukasuuza tena, tukalikausha kwa joto, kisha tukabana karatasi za litmasi zilizolowa kando ya mshono, nyekundu na bluu. Hakuna iliyogeuka. Likatiwa mafuta kidogo ndani likatikiswa, maana chuma kilichotoka kwenye asidi kinashika kutu ukikitazama.

Makava ya injini ndiyo hasara yenyewe. Kostiki haipendi kitu kama alumini. Inaiyeyusha na kutoa haidrojeni. Ule mpovuko aliouona mwalimu kwenye pipa, akaambiwa ni dawa inafanya kazi, ulikuwa alumini yake inaondoka. Weusi unaobaki juu ni vitu vingine vya mchanganyiko ambavyo kostiki haikuvila. Kava la kushoto lilikaa muda mfupi, likapona kwa kusuguliwa. La kulia lilisahaulika. Vishimo vilikuwa vimefika kwenye uso wa gasketi, na nyuzi za skrubu mbili zililegea.

Uso wa gasketi tulinyoosha kwa kulaza msasa namba 400 juu ya kioo kinene, kava likasuguliwa kwa mwendo wa namba nane mpaka alama za kalamu tulizochora zikafutika zote kwa pamoja. Ukisugua mpaka kishimo cha mwisho kiishe unapunguza unene wa kava, na gia ya ndani itaanza kugusa. Kwa hiyo viwili vitatu vilivyo mbali na mkondo wa oili viliachwa. Kwa nje, weusi uliondolewa kwa sponji ngumu na maji. Brashi ya waya ya chuma haifai hapa: inapandikiza chembe za chuma ndani ya alumini, na baada ya mwezi unaona vidoti vya kutu kwenye kitu kisichoshika kutu. Kwa alumini iliyo nzima, rangi ya zamani hutoka kwa kulowekwa kwenye tina au kwa dawa isiyo na kostiki. Anayeuza pipa la kostiki asikudanganye kwamba ukiwahi kuitoa haidhuriki. Inaanza kuliwa dakika ile ile inapoingia.

Kabureta, namshukuru Mungu, walikuwa wamelisahau kwenye kopo la petroli.

Kava la miguu lilikuwa rahisi kwa fundi na gumu kwa mwenye mali. Plastiki ya aina ile haishiki rangi. Uso wake ni wa mafuta kwa asili, maji yanajikunja vidonge juu yake, na rangi nayo inakaa tu bila kushika. Kuna dawa za kuiandaa na kuna wanaoipitisha motoni haraka haraka ili ikubali, na vyote vinasaidia kwa muda, lakini kava hili linapigwa na mawe na magoti kila siku. Rangi ya juu nilibandua kwa ukucha na kipande cha plastiki. Chini likatokea lile kava lenyewe, jeupe linaloelekea kijivu, lina mikwaruzo ya miaka. Mwalimu alitaka lipakwe tena, akidhani naogopa kazi. Nilimwomba aniruhusu nilisugue kwa msasa wa maji, 800 kisha 1500, na kulipigia polishi upande mmoja tu. Alipoona tofauti hakusema kitu, akanisogezea upande wa pili. Kwa maoni yangu kava la Honda hizi halikustahili kupakwa rangi siku yoyote. Rangi yake ni ya ndani ya plastiki yenyewe, na ukilikwaruza linabaki rangi ile ile.

Kisha suala la rangi yenyewe. Ndani ya kichwa cha taa, mahali ambapo hakuna aliyewahi kufikisha skrepa, nilisugua eneo la ukubwa wa shilingi mia kwa msasa wa maji. Ukisugua hivyo kwa kuteremka, matabaka yanajitokeza kama duara ndani ya duara: klia, nyekundu ya juzi, redi oksaidi, nyekundu ya zamani iliyopauka, halafu bluu, na chini kabisa praima ya kiwandani. Mwalimu aliinama akatazama muda mrefu. Maisha yake yote aliamini pikipiki ile ilitoka kiwandani nyekundu. Alipoirithi kwa kaka yake ilikuwa nyekundu tayari.

Tulibishana kidogo. Mimi niliegemea bluu. Yeye akatoa kadi ya usajili, ambako rangi ya chombo imeandikwa: nyekundu. Kubadili maana yake ni kwenda kuomba kadi irekebishwe, na alisema umri wake wa kupanga foleni umekwisha. Basi nyekundu.

Upigaji wenyewe hauna mengi. Tuliachana na redi oksaidi ya mafuta tukatumia epoksi praima kwenye chuma na kwenye alumini, kwa sababu epoksi haigeuki sabuni na tina ya rangi ya juu haiikunji. Mikono miwili ya praima, ikasuguliwa kwa 400 ya maji, kisha rangi, kisha klia. Aliyeandika maelekezo ya kopo anajua kuliko sisi muda wa kusubiri kati ya mkono na mkono. Ukiupitisha, sugua kwanza. Hadena ya rangi hizi ina isosayaneti, inayoweza kumwachia mtu pumu ya maisha, na barakoa ya karatasi haiizuii hata kidogo. Tunapuliza kwa kofia ya hewa, na asiye na kofia hakai chumbani.

Saa ya kupiga rangi ndiyo ninayoibana. Hapa pwani chuma kinachokaa ndani usiku kinaamka na baridi kuliko hewa, na unyevu unakitulia usiouona. Kanuni ya kazi hii ni chuma kizidi kiwango cha umande, yaani joto ambalo unyevu wa hewa huanza kugeuka maji, kwa nyuzi 3 za Selsiasi angalau. Kwa lugha ya gereji: usianze alfajiri, ngoja vipande vipate joto la asubuhi. Na maliza kabla upepo wa bahari haujaingia mchana, kwa kuwa ukija unakuja na ile chumvi tuliyohangaika kuiondoa. Katikati ya hapo una saa chache, zinatosha.

Rimu tulisugua kwa karatasi ya foili na maji, vidoti vya kutu vikatoka, kromu iliyokwisha kubanduka ikabaki imebanduka. Kuzipeleka kuchovywa kromu upya ni gharama inayoizidi pikipiki, na mwalimu alisema magurudumu ya mzee na yafanane na mzee.

Chombo kimepita masika ya kwanza bila lengelenge. Ninapopatilia shaka ni mahali pamoja tu, nyuma ya mshono wa tanki upande wa bomba la petroli, ambako bati zimebanana kuliko kwingine. Nimemwambia mwalimu apapase hapo kwa kidole kila anapoliosha, na akisikia uvimbe hata wa punje ya mtama alete kabla haujapasuka. Kava la kulia linavuja jasho la oili kwenye skrubu moja kati ya zile zilizolegea. Tutalitilia nyuzi mpya likishafunguliwa kwa sababu nyingine.

Kuhusu gereji ya kwanza, mwalimu alirudi kule. Hakudai fedha. Aliwapelekea bunda la litmasi na kuwaonyesha namna ya kupima mshono kabla ya praima, na anasema fundi wao alisikiliza kwa adabu, akauliza maswali ya maana, na sasa anasuuza kwa siki kabla ya maji ya mwisho. Makava ya alumini, nasikia, bado anayatia kwenye pipa lile lile, ila siku hizi anayatoa mapema.